Juu ya nini kisu yako haikate tena? Moto, chuma na ugonjwa wa migomba



Wiki iliyopita mudogo mumoja wa mwaka wa pili aliniuliza: "Yaya, ulisoma agronomia miaka mitano, ukapata lisansi. Sasa kila siku ya posho tunakuona na nyundo, makala na masizi kwenye uso. Ulibadilisha fakilte?" Nilicheka. Lakini jibu lake ni refu, tena linaanza na kosa langu mwenyewe, njo maana ninaliandika hapa. Mwenye kuwa na haraka aruke mpaka fasi nimeandika "Tone la maji". Mwenye kuwa na wakati tufuatane polepole.

Mupanga wa mama mumoja

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya miezi kadhaa kwenye mradi mumoja wa migomba huko Kabare, kwenye milima ya juu ya Bukavu. Kazi yetu ilikuwa kufundisha wakulima namna ya kupigana na wilti, ule ugonjwa wa bakteria ambao wenye kusema Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Mutu wa Kivu mwenye kuwa na shamba anaujua. Majani yanageuka njano na kulegea kama yamepikwa, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizipasua ndani unakuta madoa ya kahawia. Ukikata shina, kisha dakika chache unaona usaha wa njano unatoka. Ulijulikana zamani Ethiopia. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na karibu na wakati ule ukajulikana kwetu pia, kule Masisi. Kutoka pale ukashuka polepole mpaka Kivu Kusini.

Hakuna dawa ya kunyunyizia. Ugonjwa huu unatembea kwa njia mbili kubwa: wadudu wenye kutua kwenye lile ua la dume lenye kuninginia chini ya mukungu, na chuma ya mukulima. Unakata mugomba mugonjwa, maji yake yanabaki kwenye mupanga, unaenda kukata majani ya mugomba muzima, basi umeupiga sindano ya ugonjwa.

Kwa hiyo tulifundisha kila mutu apitishe mupanga kwenye moto mbele ya kugusa mugomba mwingine. Shauri lenyewe ni zuri, linafundishwa fasi mingi. Shida ilikuwa mimi. Mama mumoja aliniuliza: "Agronome, niache kwa moto mpaka lini?" Nikajibu kwa sauti ya mutu mwenye kujua: "Mama, acha mpaka iwe nyekundu kabisa. Hapo hakuna mududu atabaki."

Kisha wiki tatu nilirudi. Yule mama akanitolea mupanga wake, hakupiga kelele. Makali yalikuwa yamejikunja kama jani kavu. Akajaribu kukata kishina cha mugomba mbele yangu; mupanga ulikuwa unaponda tu. "Mutoto wangu, hii kitu nilinunua mupya mwezi wa tatu. Nilifanya vile ulisema. Sasa haikate tena. Nimeacha mambo yako ya moto."

Aliacha kweli. Aliazima mupanga wa jirani, bila moto, bila javeli, bila kitu. Nilipopita tena mwisho wa musimu, ugonjwa ulikuwa umevuka musitari wa kwanza na wa pili. Ile migomba njo ilikuwa inalipa masomo ya mutoto wake wa sekondari. Mwaka ule mutoto alibaki nyumbani.

Hakunilaumu. Mimi mwenyewe nilijilaumu, juu nilijua bakteria, nilijua mugomba, lakini sikujua kitu kimoja kuhusu chuma nilichomwambia aweke kwenye moto.

Kwa muzee wa fua chuma

Babu yangu alikuwa muwindaji, na mukuki wake ulifuliwa na jamaa ya wahunzi wenye bado wanafanya kazi kwenye kilima chao. Alikuwa anatueleza walivyoenda na mbwa wenye kengele za muti kwenye shingo, wengine wanashikilia nyavu, wanafukuza simbilisi kwenye matete. Zamani zile kila kijana alijua kunoa mukuki mbele ya kujua kusoma.

Sisi hatuwezi kuishi vile, tusidanganyane. Pori lenye liko juu yetu ni hifadhi ya Kahuzi-Biega tangu 1970, na kuwinda mule ndani ni kosa mbele ya sheria. Hata inje ya hifadhi, tangu 1982 inchi yetu iko na sheria ya uwindaji yenye kuomba kibali. Tena kwa hali ya Kivu ya leo, kijana mwenye kutembea porini na silaha hataulizwa kama anafuata simbilisi. Uwindaji wa babu nimeuacha kwenye masimulizi. Lakini kisu, hicho bado naweza kukijifunza.

Nikaenda kwa muzee wa jamaa ile. Nilimueleza habari ya mupanga. Akacheka mpaka akakohoa. "Ulimuambia mama wa watu aue chuma yake? Chuma iko na roho. Ukiipeleka kwa moto bila kujua, unatoa roho." Nikamuomba anifundishe. Akasema nilete makala, nilete kipande cha resori ya gari, na nilete mikono yangu, "diplome uache kwenu." Tangu siku ile, kila siku ya posho niko kwake.

"Roho" ya chuma ni nini?

Muzee anasema roho. Mimi nitaeleza kwa lugha ya fakilte, lakini muone kama tunasema jambo moja.

Chuma tunachotumia kwa visu si chuma kitupu. Ndani yake kuna kaboni kidogo. Ferabeto, ile chuma ya kujengea nyumba, kwa kawaida iko na kaboni kidogo sana, njo maana hata ukiipika namna gani haitashika makali. Resori ya gari iko na kaboni karibu nusu ya asilimia ao zaidi kidogo, na hiyo inatosha. Tupa nzuri ya zamani inafika asilimia moja na kupita.

Sasa, ukipasha resori mpaka inang'aa rangi ya chungwa, karibu digri 800 na zaidi kidogo, ile kaboni inayeyuka na kuenea ndani ya chuma kama chumvi ndani ya maji ya moto. Ukiiacha ipoe polepole, kaboni inapata wakati wa kujitenga, na chuma kinabaki laini. Lakini ukiitumbukiza gafula kwenye mafuta, kaboni haipate wakati wa kutoka, inanaswa ndani, na chuma kinakuwa kigumu sana. Kigumu hivi kwamba ukipitisha tupa juu yake inateleza tu, haiume.

Lakini ugumu ule peke yake hautoshi. Kisu cha namna ile kikianguka kwenye jiwe kinaweza kuvunjika kama glasi. Kwa hiyo tunakirudisha tena kwenye moto, safari hii moto mudogo, ili kipunguze ugumu kidogo na kipate uvumilivu. Hapa njo nilifungua macho, juu chuma chenyewe kinakuonyesha moto umefika wapi. Ukikisugua mpaka king'ae halafu ukipashe polepole, rangi zinapita juu yake moja kisha nyingine:

Njano ya majani makavu: karibu digri 220. Kigumu, kinafaa kwa kisu kidogo cha kupandikizia miti ya matunda.
Kahawia: karibu 250. Kinafaa kwa kisu cha kazi.
Zambarau: karibu 280. Kinafaa kwa kitu chenye kupigwa, kama mupanga ao shoka.
Buluu: karibu 300. Hapo makali yameanza kuwa laini sana kwa kisu.

Rangi inategemea pia muda ambao chuma kimekaa kwenye moto, lakini kwa kazi ya mukono hesabu hii inatosha. Ukipita buluu na kuendelea mpaka nyekundu, ugumu wote umeondoka. Njo "roho" ya muzee. Yule mama alifikisha mupanga wake nyekundu, kisha akauacha upoe polepole kwenye hewa. Kiwanda kilifanya kazi, mimi nikaifuta kwa sentensi moja.

Tone la maji

Sasa tufike kwenye jambo lenye kuwa na faida hata kwa mwenye hatafua kisu siku moja.

Bakteria ya wilti haitengeneze spora, maana yake haina lile ganda gumu ambalo bakteria zingine zinajificha ndani yake ili kuvumilia moto. Joto la maji yenye kuchemka linatosha kuiua kwenye chuma kisafi. Na chuma kinaanza kupoteza ugumu wake wapi? Juu ya digri 200. Kati ya hizo mbili kuna nafasi pana. Mukulima mwenye alikataa moto alikuwa na haki: moto unaharibu mupanga. Agronome mwenye alileta moto alikuwa na haki pia: moto unaua ugonjwa. Chenye kilikosa ni kipimo tu.

Kipimo hicho mukulima anacho tayari, hakinunuliwe:

1. Panguza kwanza maji na nyuzi za mugomba kwenye mupanga, kwa majani makavu ambayo utayachoma papo hapo. Bakteria inajificha chini ya uchafu, na joto linachelewa kuifikia.

2. Pitisha mupanga juu ya ndimi za moto, uende na kurudi, kila upande. Usiuzike ndani ya makala. Makala ya moto yanapita digri 600 kwa urahisi.

3. Elekeza mugongo wa mupanga kwa moto, si makali. Makali ni membamba, njo yanapata moto ya kwanza na kuharibika ya kwanza. Joto litatembea lenyewe kutoka mugongo kufika kwenye makali.

4. Toa mupanga, angusha tone moja la maji karibu na makali. Likitoa sauti "tssss" na kuruka, chuma kimefika. Kwetu Kabare, kwenye mita 1900, maji yanachemka karibu digri 94, na hiyo bado inatosha. Lisipolia, rudisha.

5. Ukiona rangi ya njano inaanza kwenye chuma, toa haraka. Umeshapita mbali kuliko ulivyohitaji.

6. Acha upoe kidogo, kata mugomba mwingine. Mwenye kuwa na mipanga miwili abadilishane: moja inafanya kazi, ingine inapoa.

Mwenye kutumia javeli afanye vizuri pia: kipimo kimoja cha javeli kwa vipimo vitano vya maji ni mafundisho ya kawaida. Lakini javeli inakula chuma. Ukimaliza kazi ya siku, osha mupanga kwa maji safi, ukaushe, upake mafuta kidogo. Wenye hawafanye hivi wanaona kutu wiki ya pili, halafu nao wanaacha.

Na kuna fasi ambapo chuma hakihitajike hata kidogo: lile ua la dume. Livunje kwa muti wenye pacha, mara tu kichana cha mwisho kimetoka. Hapo unafunga mulango wa wadudu, na hakuna kisu kimegusa kitu.

Kama mupanga umeshaharibika

Watu wananiuliza kama naweza kuuponyesha. Inategemea.

Kama rangi ya buluu iko kwenye milimita chache tu za makali, chukua tupa ule ile sehemu mpaka ufike kwenye chuma ambacho hakikuguswa. Lakini angalisho: kufuta rangi si kurudisha ugumu. Rangi iko juu kama vumbi, ulaini uko ndani. Jaribu kwa tupa yenyewe: fasi chuma iko laini, tupa inauma kwa urahisi, fasi iko ngumu, inateleza ao inalia. Tupa itakuambia kweli kuliko macho.

Kama mupanga wote ulikuwa mwekundu, unahitaji kupikwa upya kwa mufundi. Unapashwa mpaka sumaku inaacha kuushika. Hiyo ni karibu digri 770, na sumaku unaitoa kwenye redio iliyokufa. Unaongeza joto kidogo, rangi ya chungwa, halafu unatumbukiza kwenye mafuta. Muzee anatumia mawese. Asubuhi za Kabare mawese yanaganda, kwa hiyo tunayapasha kwanza mpaka yanakuwa maji, mukono unaanza kukataa. Mafuta baridi yenye kuganda hayafanye kazi vizuri. Kisha mafuta, unasugua mugongo na mbavu mpaka zing'ae, unaweka mugongo juu ya kipande kinene cha chuma cha moto, unaangalia rangi zikitembea kuelekea makali. Zambarau ikifika kwenye makali, maji. Imekwisha.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza peke yangu, rangi zilitembea haraka kuliko macho yangu. Nikaangalia pembeni kidogo, nikarudi nikakuta buluu. Muzee hakusema kitu. Alichukua kisu, akakirudisha kwenye makala, akasema: "Upya." Siku ile nilianza upya mara ine.

Kwa wenye wanataka kujaribu

Ni mchezo muzuri wa siku ya posho. Hauombi mashine: makala, mivuba ya kupuliza, nyundo, koleo, tupa, kipande kizito cha chuma cha kufulia, na mutu wa kukuonyesha. Lakini mambo matatu, ninaomba muyashike.

La kwanza, macho na mapafu. Vaa miwani. Usiweke kwenye moto chuma chenye kupakwa zinki, kama bati ya nyumba. Moshi wake unaleta homa mbaya. Mafuta ya mota yenye yametumika usiyatumie kupoza: moshi wake ni sumu.

La pili, usinunue resori usiyoijua inatoka wapi. Ukinunua chuma kilichoibwa kwenye gari la mutu, kisu chako kimezaliwa mwizi.

La tatu, kisu chenye umetengeneza ni chombo cha shamba na cha jikoni. Kiwekee ala, kibebe ndani ya sakosi, usikivae kwenye mukaba ukipita mujini ao kwenye bariera. Mimi nilisimamishwa mara moja na kisu cha kupandikizia avoka. Kisu kilikuwa kidogo kuliko kidole changu, maelezo yakachukua saa moja.

Kisha mwaka mumoja

Mupanga wa yule mama niliuchukua, tukaupika upya kwa muzee. Makali yalikuwa yamekunjika sana, kwa hiyo ulitoka mufupi kidogo kuliko zamani. Nilipomrudishia, aliushika, akaugeuza, akapiga kishina cha mugomba mara moja. Kikaanguka. Akaangalia fasi ya kukata, ilikuwa laini kama sabuni.

"Moto nao?" akaniuliza. Nikamuomba maji kwenye kikombe. Tukawasha majani, nikamuonyesha mugongo, nikamuonyesha tone. Tone la kwanza likatulia tu. La pili likalia. Akalirudia yeye mwenyewe mara tatu, akiinamisha sikio kama mutu mwenye kusikiliza redio.

Halafu akasema: "Mwaka ule ungeniambia maneno ya hili tone, mutoto angesoma."

Sikuwa na jibu. Mutoto wake amerudi sekondari mwaka huu, amechelewa mwaka mumoja. Migomba mipya ambayo mama alipanda fasi ile haijazaa bado. Kila nikipita ninaona kikombe cha maji kimewekwa pembeni ya shamba, kimefunikwa na jani.

Kwa hiyo, mudogo, sikubadilisha fakilte. Nilienda kusoma kozi ambayo haikuwa kwenye programu yetu, na mama mumoja alikuwa amekwisha kulipa masomo yangu. Siku ya posho tuko kwa muzee tangu saa mbili ya asubuhi. Mwenye kutaka kuja alete makala yake. Diplome, aache kwao.